Sufi, Sponji na Umeme: Gharama Iliyofichika ya Jaketi Okozi

Kiangazi kinapokolea na mvua za vuli zikiwa bado mbali, matunda ya msufi hukauka na kupasuka juu ya mti, na nyuzi zake nyeupe huchukuliwa na upepo. Katika vijiji vya pwani ya Kilwa na Lindi hali hiyo imezoeleka mno hata hakuna aitazamaye. Akina mama huokota kiasi cha kujaza mito na magodoro, watoto huzikimbiza njiani, na zilizobaki hupotea. Ni wachache leo wanaojua kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 nyuzi za namna hiyo ndizo zilizoshindiliwa ndani ya majaketi ya kuokolea watu baharini, na kwamba mabaharia wa mataifa makubwa walizitegemea kama mwanachama anavyotegemea ghala lake.

Habari hiyo ina manufaa kwa wanaushirika wa Kiranjeranje na vijiji jirani. Kiranjeranje iko kando ya barabara kuu iendayo Lindi, na wanachama wake wengi huishi kwa ufuta na korosho. Lakini bahari haiko mbali, na aghalabu nyumba inayolima ina ndugu anayevua au anayesafiri kwa mashua. Tena vyama vya msingi siku hizi huzungumza juu ya kuongeza thamani: kinu cha kukamulia mafuta, karakana ya ushonaji, ghala lenye taa na mizani ya umeme. Kiwanda cha majaketi okozi ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa maana katika kazi hiyo ubanaji wa matumizi ulio sahihi na ule ulio wa udanganyifu hupambanuka upesi sana. Mtu akitumbukia majini, hesabu hukaguliwa papo hapo.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachomwinua mtu. Kitambaa hakimwinui, wala rangi ya chungwa, wala mikanda. Kinachomwinua ni hewa. Kila lita moja ya hewa iliyozuiwa chini ya maji huinua mzigo wa karibu kilo moja, na jaketi la kawaida la mtu mzima hutakiwa kuinua kilo 10 hivi, kwa kuwa mwili wa binadamu ndani ya maji ni mwepesi na sehemu inayohitaji kushikiliwa juu ni kichwa. Hewa haiuzwi. Gharama yote ya kiwanda, yaani mafuta, umeme, mitambo na mishahara, ni gharama ya kuijengea hewa hiyo ua ambao maji hayawezi kuupenya. Anayetaka kujua nishati ya kiwanda hicho inakwenda wapi, na autazame ua huo.

Ua wa kwanza uliotumiwa kwa wingi ulikuwa gome jepesi la mti, lile lile lifanyiwalo vizibo vya chupa. Chama cha Uingereza cha mashua za uokoaji, kilichoasisiwa mwaka 1824, kilianza kuwapa wapiga makasia wake majaketi ya gome hilo baada ya Kapteni Ward kuyabuni mwaka 1854. Tarehe 9 Februari 1861 mashua ya uokoaji ya mji wa Whitby ilipinduka katika dhoruba ikiwa na watu 13. Aliyesalimika ni mmoja, Henry Freeman, naye ndiye aliyekuwa amevaa jaketi la namna hiyo mpya.

Hata hivyo, gome hilo ni zito na gumu, na linaoza. Msiba wa tarehe 15 Juni 1904 mjini New York uliionyesha dunia jambo hilo kwa namna ya kutisha. Meli ya abiria General Slocum iliungua mtoni ikiwa imejaa wanawake na watoto waliokuwa wakienda matembezini na kanisa lao. Walikufa watu zaidi ya 1,000. Majaketi yalikuwamo tele, lakini yalikuwa yamening'inizwa juani na mvuani kwa takriban miaka 13 tangu meli ilipoundwa; vitambaa vilichanika mikononi mwa watu, na gome lililokuwa ndani lilikuwa limegeuka unga. Baada ya hapo iligunduliwa kwamba kiwanda kimoja kilikuwa kikichomeka vipande vya chuma ndani ya gome. Sheria iliagiza kila jaketi liwe na ratili 6 za gome bora, na chuma kilikuwa rahisi kuliko gome. Jaketi lilitimiza uzito mbele ya mkaguzi. Majini lingemvuta mvaaji chini.

Makatibu waliowahi kufungua gunia la ufuta na kukuta mchanga wataielewa akili ya kiwanda hicho bila kufafanuliwa.

Mwaka huo huo wa 1904 ndipo chama kile cha Uingereza kilipoanza kutumia sufi badala ya gome. Sababu yake iko ndani ya unyuzi wenyewe. Uzi wa pamba umejaa na unapenda maji. Unyuzi wa sufi ni mrija mtupu wenye kuta nyembamba mno, na takriban sehemu nne kati ya tano za ujazo wake ni hewa. Juu ya kuta hizo kuna nta ya asili inayosukuma maji. Kwa hiyo sufi iliyoshindiliwa vizuri huweza kubeba majini mzigo wa hadi mara 30 ya uzito wake, jambo ambalo gome la vizibo halilikaribii hata kidogo. Nta hiyo hiyo, pamoja na ufupi na utelezi wa nyuzi, ndiyo inayofanya sufi isisokoteke ikawa uzi wa nguo. Kilichokuwa kasoro kwa mfuma nguo kilikuwa sifa kwa mshona majaketi.

Kwa upande wa nishati, ubora wa sufi hauna mfano. Ua wa hewa umejengwa na mti, kwa jua na maji ya mvua. Binadamu anachofanya ni kuangua, kukausha, kutenga mbegu, kupepeta na kushindilia. Hakuna tanuri, hakuna kuyeyusha, wala hakuna dawa. Mti wenyewe haukatwi. Huendelea kuzaa kwa miaka mingi, na mbegu zake hutoa mafuta. Wenye kujua misitu ya Kilwa watakumbuka pia msufi mwitu, jamaa yake wa porini, ambaye naye hutoa nyuzi za aina hiyo.

Mashamba makubwa ya msufi wakati huo yalikuwa katika kisiwa cha Java, na karibu dunia nzima ilinunua huko. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mwezi Machi 1942 Java iliangukia mikononi mwa Wajapani, na kwa pigo moja Marekani na washirika wake wakakosa kitu cha kujazia majaketi katikati ya vita vya baharini. Waligeukia gugu la mashambani mwao lenye utomvu mweupe, ambalo tumba lake likikauka hutoa nyuzi laini zenye mrija na nta kama sufi. Gugu hilo halikuwa na shamba wala mkulima. Ikabidi watoto wa shule watumwe kuliokota kando ya barabara na mashambani, wakijaza mifuko, na mifuko ikapelekwa Petoskey katika jimbo la Michigan ambako nyuzi zilitengwa. Watoto waliambiwa kwamba mifuko miwili inatosha kuokoa maisha ya mtu mmoja. Mwanaushirika akiisoma habari hiyo ataiona sura anayoijua: mazao madogo madogo ya watu wengi, kituo cha kukusanyia, ukaushaji ili yasiote ukungu njiani, na kiwanda kimoja mwishoni.

Sasa yatajwe mapungufu ya sufi, maana hayafai kufichwa. Nta inayokataa maji hupokea mafuta kwa furaha. Sufi iliyolowa petroli au dizeli chini ya mashua hupoteza nguvu yake ya kuelea, na ndiyo maana leo wataalamu huichunguza kwa kazi ya kufyonza mafuta yaliyomwagika baharini. Sufi hushika moto upesi mno, na vumbi lake katika chumba kisicho na hewa ni adha kwa mapafu ya wafanyakazi. Ikikaliwa mara kwa mara, mirija huvunjika na hewa hutoka isirudi. Viwanda vilijaribu kuilinda kwa kuifunga ndani ya mifuko ya plastiki iliyounganishwa kwa joto. Kinga hiyo ilifaa, lakini mfuko ukitoboka kwa ndoana au msumari, maji huingia polepole bila mvaaji kujua. Kwa sababu hizo sufi ilipisha njia, na majaketi mengi yanayoshonwa leo yana sponji.

Neno sponji lina mtego, na mtego huo umeua watu. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi kila kimoja kwa mwenzake. Ukiibinya majini na kuiachia, hunywa maji kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Sponji ya jaketi okozi ina vitundu vilivyofungwa, kila kimoja kama chumba kisicho na mlango. Kwa macho na kwa mkono wa mtu asiyezoea, hizo mbili hufanana. Mwezi Januari 2016 polisi wa Uturuki walivamia karakana moja mjini Izmir na kukamata majaketi 1,263 ya bandia yaliyojazwa vitu vya kufungashia bidhaa, vyenye kunyonya maji. Yalikuwa yameandaliwa kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakivuka kwenda Ugiriki. Bila shaka karakana hiyo ilitumia malighafi rahisi na umeme mchache kwa kila jaketi kuliko kiwanda halali, na kwenye karatasi ingeonekana hodari wa kubana matumizi.

Sponji halali hutengenezwa kwa plastiki itokanayo na mafuta ya petroli au gesi asilia. Plastiki huyeyushwa kwa joto na kuumuliwa kwa gesi mpaka ijae vitundu, kama andazi linavyoumuka. Kwa makisio ya wahandisi, kilo moja ya plastiki ya aina hiyo humeza nishati ya takriban megajuli 80, ikihesabiwa pamoja na mafuta yaliyo malighafi yake. Hizo ni sawa na nishati iliyomo katika lita mbili na kidogo za dizeli. Tuseme jaketi moja lina sponji ya gramu 400: basi limekwisha kula karibu lita moja ya dizeli kabla sindano ya kwanza haijapita, na bado kitambaa, mikanda na vifungo vyake.

Lita moja si nyingi. Lakini jaketi likitupwa baada ya mwaka mmoja, ni lita moja kwa kila mwaka wa ulinzi. Likidumu miaka kumi, ni sehemu moja ya kumi ya lita. Hakuna taa wala mota katika kiwanda chochote inayoweza kuleta nafuu ya kiasi hicho. Nafuu hiyo iko mikononi mwa mwenye jaketi. Jua kali huozesha kitambaa. Kulikalia kama mto wa chombo hubonyeza vitundu. Kulikausha karibu na moto huyeyusha. Kulifungia mbichi ndani ya stoo huleta ukungu kwenye nyuzi za kushonea. Lioshwe kwa maji baridi, litundikwe kivulini penye upepo, na lisiwekewe mzigo juu. Manahodha wengi wa mashua hutunza tanga kwa namna hiyo bila kuambiwa na mtu.

Tuingie sasa ndani ya karakana, ambako ndiko vyama vyenye mpango wa kununua vyerehani vya umeme vinapaswa kutazama kwa makini. Vyerehani vingi vya kiwandani vya aina ya zamani vina mota ya klachi. Mota hiyo huzunguka tangu swichi inapowashwa asubuhi hata inapozimwa jioni, ama fundi anashona ama anapanga vitambaa. Mguu wake unachofanya ni kuunganisha na kutenganisha tu. Mota za aina mpya huzunguka pale tu fundi anapokanyaga. Katika ushonaji wa majaketi, ambapo fundi hutumia muda mwingi kupanga sponji na mikanda kuliko kushona, tofauti ni kubwa. Na cherehani cha kukanyaga kwa miguu, ambacho kila soko la Kilwa linacho, hakitumii umeme hata uniti moja, ingawa kwa mikanda minene kitahitaji sindano imara na fundi mwenye subira.

Viwanda vinavyotengeneza majaketi ya kujazwa upepo huwa na mtambo wa kusindika hewa kwa ajili ya kuyapima kama yanavuja. Mtambo huo ni mlafi. Imezoeleka viwandani kukuta kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa iliyosindikwa inapotelea kwenye viungo vya mipira vilivyolegea, na mtambo unaendelea kuunguruma usiku kucha ukijaza tundu. Dawa yake ni sabuni ya povu, spana na saa moja ya mtu mmoja mwisho wa juma. Kuhusu taa hakuna haja ya maneno mengi: taa za LED hutumia takriban moja ya tano ya umeme wa globu za zamani, na bati moja angavu juu ya meza ya kukatia huondoa hata haja ya taa mchana.

Ukataji wenyewe una nishati yake. Kila kipande cha sponji kinachoanguka sakafuni kimekwisha kula dizeli yake huko kilikotoka. Fundi mkataji anayepanga vipande vya watoto katika nafasi zinazobaki kati ya vipande vya wakubwa hubana nishati nyingi kuliko msimamizi anayezunguka akizima taa.

Lipo jambo moja ambalo katibu yeyote aweza kulifanya kwa kalamu na daftari, nalo lafaa kwa karakana, kwa kinu na kwa ghala pia. Asome mita ya LUKU kila mwisho wa mwezi, aandike uniti zilizotumika na idadi ya vitu vilivyotengenezwa. Chukua mfano wa hesabu. Mwezi wenye kazi nyingi karakana imeshona majaketi 300 na kutumia uniti 600. Mwezi wa uchache imeshona 100 na kutumia uniti 500. Mtu atasema mwezi wa pili umeme umepungua. Lakini tofauti ya majaketi 200 imeleta tofauti ya uniti 100 tu, yaani nusu uniti kwa jaketi. Basi majaketi 100 yalihitaji uniti 50. Uniti 450 nyingine zimeliwa na nini? Zimeliwa na karakana yenyewe: mota zinazozunguka bure, mtambo wa hewa unaovuja, taa za usiku, friji ya soda ya mlinzi. Uniti hizo zingelipwa hata kama lisingeshonwa jaketi hata moja. Chama kisichofanya hesabu hiyo kitawalaumu mafundi kwa uvivu na kuwaacha wezi halisi ukutani.

Kitu kimoja hakiguswi katika ubanaji huu, nacho ni majaribio. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea majini hudai jaketi likae ndani ya maji baridi saa 24 na lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea. Tena liweze kumgeuza mtu aliyezimia uso ukawa juu, kinywa kikiwa milimita 120 juu ya maji. Majaribio hayo hula muda, maji na majaketi mazima. Meneja anayetafuta pa kupunguza ataliona tangi la majaribio kwanza, kwa kuwa halizalishi chochote. Karakana ya Izmir haikuwa na haja ya tangi.

Nchi yetu imekwisha zika watu wengi mno wa majini: MV Bukoba mwezi Mei 1996, Spice Islander I mwezi Septemba 2011, MV Nyerere mwezi Septemba 2018. Hao ni wa vyombo vikubwa, waliotangazwa. Wavuvi wanaopotea mmoja mmoja wakati wa kusi hawatangazwi. Ukaguzi wa vyombo vidogo na vifaa vyake uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na chama kinachonunua majaketi kwa ajili ya wanachama wake kiwashirikishe wakaguzi hao kabla ya kulipa, sio baada ya shehena kufika.

Hata hivyo bodi inaweza kujipimia yenyewe jambo dogo kabla ya kupokea mzigo. Jaketi moja litolewe bila kuchaguliwa na muuzaji. Kama limeandikwa kwamba linainua kilo 10, lifungiwe mawe ya mizani ya chuma yenye uzito wa kilo 10 na litiwe katika pipa kubwa la maji asubuhi, mbele ya wajumbe wawili. Chuma majini hupungua uzito kidogo, kwa hiyo jaketi jema litaelea na kuwa na akiba. Liachwe hapo hadi asubuhi ya pili. Lililojazwa sponji ya godoro litakuwa limekwisha kaa chini ya pipa. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya ukaguzi wa serikali, lakini kitawazuia wengi. Matokeo yaandikwe katika leja ya stoo pamoja na tarehe, jina la muuzaji na sahihi za wajumbe. Jaketi lililozama lisirudishwe kwa muuzaji mpaka litobolewe kwa kisu na mikanda yake ikatwe, ili asipate kuliuza kijiji cha pili.